Karatasi ya Popo

Kiboko wa Ruvuma alikuwa na kiwanda cha kubangua korosho, na humo walifanya kazi ngedere 40 wa kudumu. Kazi yao ilitaka mikono inayojua. Korosho ghafi huanikwa, hupitishwa kwenye mvuke ili ganda lilegee, kisha hupasuliwa moja moja. Ndani ya ganda mna mafuta meusi makali yanayounguza ngozi, kwa hiyo mbanguaji aliyefundishwa hupaka mikono mafuta ya mbarika au majivu kabla hajagusa chochote. Huipiga korosho penye mshono, kiini kikatoka kizima. Asiyejua huvunja. Soko nalo haliwasamehe wanaovunja: korosho nzima nyeupe hupangwa kwa madaraja kama W180, W240 na W320, kulingana na idadi ya viini vinavyoingia katika ratili moja, na kiini kikubwa ndicho chenye bei. Vipande hutupwa kwenye fungu lao, kwa bei yao ya unyonge.

Bi Ngedere, mkubwa wa wote, alikuwa akibangua tangu enzi za marehemu baba yake Kiboko. Yeye ndiye aliyewafundisha wenzake wote.

Mwaka mmoja mikorosho haikuzaa vizuri, bei ya korosho ghafi ikapanda mnadani, na Kiboko akawa hapati usingizi. Akamwita mhasibu wake, Nungunungu, amsomee wafanyakazi wanakula kiasi gani.

"Mzee," alisema Nungunungu, "kwa kila ngedere tunatoa simbi 121 kwa mwezi. Simbi 100 ni mshahara. Simbi 10 tunamwekea akiba ya uzeeni, naye anakatwa 10 nyingine katika mshahara wake. Simbi 8 ni likizo, kwa kuwa kila mwaka ana siku 28 za kupumzika huku analipwa. Simbi 2 ni kiinua mgongo, mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka aliomaliza. Na simbi 1 ni ya mfuko wa fidia, mtu akiumia kazini."

"Kumbe simbi 21 nazitupa kila mwezi?"

"Hazitupwi, Mzee. Hizo ni mshahara ambao siku yake haijafika."

Wasomaji wanaoajiri watazitambua namba nyingi kati ya hizo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania, ya mwaka 2004, ndiyo inayotoa siku 28 za likizo na siku 7 za kiinua mgongo kwa kila mwaka uliokamilika, hadi miaka 10. Mchango wa mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, nao ni asilimia 20 ya mshahara, ambao kwa kawaida mwajiri na mfanyakazi huugawana nusu kwa nusu. Nimewaazima wanyama hesabu za binadamu kwa makusudi, kwa sababu hila ninayotaka kuisimulia haionekani mpaka mtu akae na hesabu.

Kiboko hakuridhika. Alitangaza bonde zima kwamba anatafuta wakala wa kumletea wafanyakazi kwa gharama nafuu. Wakaja watatu. Fisi alikuja bila karatasi, akaomba malipo ya mwaka mzima mbele, akafukuzwa kabla hajaketi. Wakabaki Kobe na Popo.

Karatasi ya Kobe ilikuwa na mistari sita. Mistari mitano ya kwanza ilifanana na ya Nungunungu: mshahara, akiba, likizo, kiinua mgongo, fidia. Wa sita uliandikwa ada ya wakala, simbi 9. Jumla 130.

Karatasi ya Popo ilikuwa na mstari mmoja: mfanyakazi mmoja, mwezi mmoja, simbi 105, kila kitu kimo.

Bonde lote lilimjua Popo. Ndege walipopita kukusanya mchango wao, alifunua mdomo akaonyesha meno, akasema yeye ni mnyama. Wanyama walipokuja na mchango wao, alikunjua mbawa akasema yeye ni ndege. Hakuwahi kulipa popote. Kiboko aliyajua hayo yote, lakini 105 ni ndogo kuliko 121, na ni ndogo zaidi kuliko 130, na mwenye dhiki huona namba kabla ya kumwona aliyeiandika.

Kwanza alimgeukia Kobe. "Mimi natafuta kupunguza, wewe umeniongezea 9. Umekuja kunisaidia au kunikomoa?"

"Kwa wabanguaji wako 40," alisema Kobe, "usinichukue mimi wala wakala mwingine yeyote. Hao ndio kiwanda chenyewe. Ukimpitisha mbanguaji kwangu utamlipa kilekile unachomlipa leo, kisha uongeze ada yangu, na hutapata hata kiini kimoja cha ziada."

"Basi umefuata nini hapa?"

"Nimefuata msimu. Korosho huanza kuingia Oktoba. Malori yanafika langoni ndipo unatuma watu vijijini kutafuta wapakuaji, waanikaji na washonaji wa magunia. Wanakuja nusu, mzigo unalala nje, manyunyu yanaugusa, korosho inaota ukungu. Msimu ukiisha una watu usio na kazi ya kuwapa, na unawalipa kwa sababu unaogopa mwakani usiwapate. Mimi ninayo orodha yao, nawajua kwa majina na kwa kazi, nitawaingiza siku unayotaka na kuwahamishia kwenye mashamba ya ufuta na mpunga korosho ikiisha. Fedha yako inavujia hapo, na hapo ndipo ninapoweza kuiziba. Mshahara wao siwezi kukupunguzia. Si mali yangu."

Maneno ya Kobe yana uzito zaidi kuliko Kiboko alivyodhani. Wakala mzuri anapunguza gharama kweli: kwa muda unaookolewa, kwa nafasi isiyokaa wazi, kwa mtu sahihi anayefika siku yake, kwa kutokuwa na mikono ya ziada miezi ambayo kazi imelala. Hayo yote ni mali halali ya kuuza. Wasiwasi wangu unaanza pale wakala anapokuja na bei iliyo chini ya mshahara ukijumlisha haki zake, kwa sababu bei ya namna hiyo lazima kuna mtu anayeilipa.

Nungunungu aliliona hilo palepale. "Mzee, muulize Popo swali moja tu. Kumtimizia ngedere mmoja haki zake ni 121. Yeye anataka 105, na humo humo apate riziki yake. Amefuta mstari gani?"

Kiboko akauliza. Popo, aliyekuwa amening'inia kwenye boriti ya ghala, akajibu kwa sauti ya kubembeleza. "Bosi wangu, mistari ya nini? Siku utakayonikabidhi ngedere hawa, si wako tena. Hawatakuwa na likizo kwako, hawatazeeka kwako, hawataumia kwako. Wewe utabaki na korosho zako tu."

Kiboko alinunua sentensi hiyo. Wiki ile ile ngedere wote 40 waliambiwa mikataba yao imefika mwisho, walipwe chao, na anayetaka kuendelea akajiandikishe kwa Popo. Bi Ngedere alihesabu alichopewa, akafunga kitambaa chake cha kazi, akaondoka. Wenzake 11 wakamfuata.

Waliobaki walikwenda mtini kwa Popo jioni, maana mchana alikuwa amelala. Kila mmoja alitozwa simbi 3 za fomu kabla ya kupewa kazi ile ile aliyoifanya jana. Mshahara ulikuwa 70. Mkataba ulikuwa wa miezi mitano, na ukiisha unapumzika wiki mbili nyumbani bila malipo, kisha unaandikwa upya kama mgeni.

Miezi mitano haikutoka hewani. Chini ya sheria yetu ya 2004, mfanyakazi ambaye hajatimiza miezi sita kwa mwajiri hana kinga dhidi ya kuachishwa isivyo haki, na kiinua mgongo hakianzi kuhesabiwa mpaka atimize miezi 12 mfululizo. Mwenye nia mbaya husoma sheria kwa uangalifu kuliko yule inayemlinda. Na zile simbi 3 za fomu ni jambo ambalo dunia ilishalikataza: Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, unaohusu mawakala binafsi wa ajira, unasema wakala asimtoze mfanyakazi ada, si moja kwa moja wala kwa kuzunguka. Wakala hulipwa na anayehitaji mikono. Anayeuza mikono yake hanunui nafasi ya kuiuza.

Ili kujaza nafasi za waliohama, Popo alileta ngedere vijana kutoka popote alipowapata. Hakuna aliyewafundisha. Wakongwe waliobaki hawakuwa na sababu ya kufundisha: walilipwa 70 kama mgeni wa jana, na baada ya miezi mitano wangekuwa wageni wenyewe.

Kijana mmoja alikaa kwenye mashine siku yake ya pili bila kupaka chochote mikononi. Hakujua kama kuna cha kupaka. Alibangua asubuhi nzima akidhani kuwashwa ni sehemu ya kazi. Mchana ngozi ya viganja ilikuwa imebabuka na vidole havikunji. Akainuka akamwendea Kiboko.

"Tajiri, nimeungua."

Kiboko alimtazama, na kwa kweli alimhurumia. Lakini alikuwa amelipia kutohusika. "Mwanangu, wewe si wangu. Wewe ni wa Popo. Nenda kwa Popo."

Kijana alitembea hadi mtini, akasubiri giza liingie. Popo akamsikiliza mpaka mwisho. "Pole sana, mdogo wangu. Lakini mimi ni wakala. Kazi yangu ni kuunganisha tu. Mashine si zangu, korosho si zangu, mafuta yaliyokuunguza si yangu. Rudi kwa mwenye kiwanda."

Alirudi, akatumwa, akarudi tena. Alipochoka kutembea akaambiwa nafasi yake imeshapata mtu. Aliendelea kuzunguka kati ya lango na mti akiamini kuna siku mmoja wao atakubali, na alipopata wa kumweleza kwamba malalamiko ya kuachishwa kazi yana muda wake, muda ulikuwa unakaribia ukingoni. Kwetu Tanzania, kwa aliyetimiza ile miezi sita, mgogoro wa kuachishwa hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Anayesukumwa huku na huku mpaka siku hizo zipite anaweza kupoteza haki yake bila mtu yeyote kumnyang'anya kwa mkono. Katika visa vyote vya ajira za wakala, hiki ndicho kinachoniuma zaidi, kwa sababu kinamkuta mtu akiwa mgonjwa na hana nauli.

Aliyemwokoa ni Bi Ngedere. Alisikia habari zake ng'ambo ya mto alikokuwa akibangua kwa jirani, akaja, akamfunga viganja, akamshika mkono mpaka kwenye baraza la Tembo siku ya 28 tangu aachishwe.

Wakati huo Nungunungu alikuwa amefunga hesabu za msimu. Zamani ngedere mmoja alitoa kilo 100 za viini kwa mwezi, na 80 kati yake zilikuwa nzima. Sasa alitoa kilo 80, na 40 tu ndizo nzima. Kiboko alizoea kulipa simbi moja na nusu ya kazi kwa kila kilo ya korosho nzima. Chini ya Popo alikuwa akilipa simbi mbili na zaidi ya nusu. Mnunuzi wake wa miaka yote alikuwa ameshaulizia daraja la W240 kwa jirani wa ng'ambo.

"Lakini kwa kichwa tumepunguza," alisema Kiboko. "121 imekuwa 105."

"Kwa kichwa, Mzee. Hatuuzi vichwa."

Barazani, Popo alikuja na mkataba unaosema kwamba ngedere si wa Kiboko. Kiboko alikuja na nakala ya mkataba huohuo. Kwa mara ya kwanza tangu msimu uanze, wote wawili walikuwa na neno moja, kwamba mwajiri ni yule mwingine. Tembo hakuisoma karatasi. Alimgeukia kijana.

"Nani alikuambia uanze kazi saa ngapi?"

"Msimamizi wa Tajiri Kiboko."

"Nani alikuonyesha mashine ya kukalia?"

"Huyo huyo."

"Mashine ni ya nani?"

"Ya Tajiri."

"Ungekosea, nani angekutoa?"

"Yeye ndiye aliyenitoa."

Tembo aliuliza kama wanavyouliza wanaojua kazi hii. Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004, kifungu cha 61, haimuulizi mtu karatasi yake imeandikwa nini. Inauliza nani anaongoza namna ya kufanya kazi na saa zake, nani anatoa vifaa, mtu huyu ni sehemu ya shughuli ya nani, anamtegemea nani kwa riziki. Kanuni za mawakala binafsi wa ajira za mwaka 2014 zikakazia hapohapo: wakala aunganishe mtafuta kazi na mwajiri, asijifanye yeye ndiye mwajiri wa mtu anayetumikia kiwanda cha mwingine. Kenya nako, mwaka 2013, katika kesi ya kampuni ya Wrigley, mahakama ya masuala ya kazi ilisema kukabidhi kazi kwa wakala kusiwe njia ya kukwepa haki ambazo wafanyakazi wameshazichuma. Na ule Mkataba namba 181 unazitaka nchi zipange nani anabeba nini kati ya wakala na anayemtumia mfanyakazi: kima cha chini, saa za kazi, hifadhi ya jamii, usalama, fidia ya ajali. Haya hayapaswi kusubiri mtu aungue ndipo yaanze kubishaniwa.

Uamuzi wa Tembo ulikuwa mfupi. Ngedere ni wa kiwanda. Akiba za uzeeni ambazo Popo hakuziweka ziwekwe, pamoja na faini ya kuchelewa. Tofauti kati ya 70 na 100 ilipwe kwa kila mmoja, tangu siku ya kwanza. Matibabu ya kijana yalipwe na arudishwe kazini viganja vikipona. Simbi za fomu zirudishwe na Popo.

Popo aliambiwa alete simbi zile kesho yake. Usiku huo alihamia bonde jingine, na Kiboko akazilipa hizo nazo.

Ilipofika Agosti, Kiboko alimwita Kobe. Kobe alikuja na karatasi ile ile ya mistari sita, kwa ajili ya watu wa msimu tu, 130 kila mmoja.

"Nipunguzie," alisema Kiboko.

"Mistari mitano siigusi. Wa sita ni wangu, huo tunaweza kuzungumza. Unajua kwa nini ni 9? Kwa sababu mimi nawalipa ngedere mwisho wa mwezi, na wenye viwanda mnanilipa miezi miwili baadaye. Katikati hapo nakopa kwa Mamba, na Mamba anataka riba. Ukinilipa kabla ya tarehe ya mishahara, ada yangu ni 7."

Nungunungu alipiga hesabu, akatikisa kichwa kukubali. Kiboko hakuwahi kufikiri kwamba punguzo alilolitafuta mwaka mzima lilikuwa limekaa katika tarehe zake mwenyewe za kulipa.

Wabanguaji walikuwa jambo jingine. Bi Ngedere aliitwa, akaja na wanane kati ya wale 11. Watatu walibaki ng'ambo, ambako walishapata vyeo. Aliketi mbele ya Kiboko, kijana mwenye viganja vilivyopona kando yake.

"Bi Ngedere, rudi utufundishie hawa vijana."

"Nitarudi, Tajiri, kwa mkataba usio na ukomo, na miaka yangu ya nyuma ihesabiwe. Kufundisha nako ni kazi. Mwezi ninaofundisha nitabangua nusu, na nitalipwa kamili. Na mafuta ya mbarika yawekwe kwenye kila mashine kabla ya mtu kukaa, si ghalani chini ya kufuli."

Nungunungu akaongeza mistari miwili kwenye daftari, mafunzo na mafuta, akaandika kiasi mbele ya kila mmoja. Kiboko aliisoma, akauliza kama gharama hizo zinakwenda kwenye karatasi ya Kobe au yake.

"Kwako, Mzee," alisema Nungunungu. "Wabanguaji ni wako."